Kwa Furaha, Mwenye Kuenda Kusoma Politiki Bila Ruhusa Yangu

Furaha, mutoto wangu,

Niko nakuandikia toka ndani ya depo ya mama yako, katikati ya mifuko ya chumvi na makartoni ya sabuni, na mulango imefungwa kwa kufuli upande wa inje. Ufunguo iko kwa mama yako. Aliniita nimusaidie kuinua mufuko, nikaingia kwa roho safi, nikasikia tu kufuli inalia nyuma yangu. Kisha sauti yake: «Papa Furaha, kalamu iko juu ya kartoni, karatasi iko chini ya kalamu. Mutoto anaenda kesho asubui. Hautoki humo mupaka uandike ile maneno yenye kinywa yako imeshindwa kusema.»

Unamujua mama yako. Ni muntu wa Butembo, na watu wa kwao wakitaka kupeleka bidhaa fasi yenye haina barabara, wanapeleka kwanza, barabara itafuata nyuma. Nilipiga mulango. Nililalamika juu ya heshima ya mwanaume ndani ya nyumba yake. Akanijibu kwamba nyumba ni yangu lakini depo ni yake, na kwamba sombe, majani ya mihogo, iko motoni na haitapakuliwa kwa muntu mwenye hajaandika. Mvula inapiga mabati, sina fasi ya kukimbilia, basi niko naandika.

Sitakuambia uvae pulovere, sitakuambia uchemshe maji, sitakuambia uende misa. Mama yako anayasema yote tangu wiki ilianza, na akimaliza anaanza tena toka pulovere. Sitakuambia pia habari ya vijana wanaume wa Goma. Nilimusikia akikufundisha upande ule, na miye mwenyewe niliogopa.

Miye nabakia na neno moja tu, na njo hilo limenikwama.

Siku matokeo ya egzamini ya Leta, ile ya kumaliza sekondari, ilitoka, nyumba ilijaa wageni, kasiksi, pombe ya ndizi, ilikuwa inapita, na miye nilikuwa na furaha kuliko wewe, juu wewe ulikuwa unajua kama utafaulu na miye sikuwa najua. Muntu mumoja akauliza: «Sasa huyu atasoma nini kule université?» Nikajibu miye, mbele yako, kama vile muntu ameniuliza umri wangu: «Veto! Atatibisha ngombe!» Masisi hii yote ni ngombe, nilikuwa nimeshapanga mupaka pikipiki yenye utatembelea nayo kwa vilima. Na wewe ukasimama na sahani ya viazi mukononi, ukasema pole pole: «Papa, sitasoma veto. Nitasoma politiki, na namna ya kuangalia maisha ya raiya.»

Unakumbuka ile nilisema. Wageni wote wanakumbuka, juu walianza kuangalia ndani ya vikombe vyao wote pamoja. Nilisema: «Kama ni politiki, usiniulize ruhusa. Miye sikuzaa mutoto wa politiki.» Kisha nikatoka inje kwa hasira, na juu ilikuwa inanyesha, nikarudi tena kwa hasira.

Toka siku ile hatuongee. Unanipa maji ya kunawa, nasema aksanti, njo mwisho. Na ulimuambia mama yako: «Kama Papa hajasema mwenyewe enda, sipande ile kamio ya mizigo.» Ulijua fasi ya kunishika. Kwetu mutoto hatokake kwa safari kubwa kama papa yake hajamuambia enda. Ata Koko Vumilia, yule bibi mwenye alikaaka kwetu, mwenye alisahau mupaka jina ya watoto wa kaka yake, hiyo hakuisahau. Na sasa sanduku yako imefungwa na kamba ya mupira, fasi yako juu ya mifuko ya viazi imeshaombwa kwa shofele, kule Goma wanafunga kuandika wanafunzi wapya wiki hii hii, na barabara ya kushuka Sake leo iko wazi, lakini ya wiki ijayo hakuna muntu anajua. Ukikosa kamio ya kesho umekosa mwaka muzima, na sababu ni kinywa yangu.

«Umefika wapi?» Huyo ni mama yako, yuko nyuma ya mulango. Nimemuambia nimefika kwa kamio. Anasema kamio ni mwisho wa barua, nimeruka nini? Eh, Furaha, kuoa muchuuzi! Nilimuona mara ya kwanza kule kwetu Buleusa, alikuja kununua mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese, miye nikidhani ninamuuzishia mafuta, kumbe ni yeye ananinunua miye.

Basi nirudi nyuma, juu nataka ujue hasira yangu ilitokea wapi. Ulikuwako kwa mambo haya yote, lakini ulikuwa mudogo, meno ya mbele yameng'oka, na watu wamekuhadizia kwa namna yao ya kunicheka.

Kule Buleusa tulikuwaka watu wa pori. Tunalima, ndiyo, lakini siku ya kuwinda njo siku. Na nyama ikianguka, hakuna muntu anapiga kelele, kila muntu anajua fungu yake. Mwenye kuona alama ya kwanza anapata kichwa. Mwenye mukuki wa kwanza, muguu ya nyuma. Mwenye wavu, kifua. Mwenye imbwa anapata shingo, juu imbwa njo ilikimbia. Maini inaenda kwa mukubwa wa kijiji. Babu yako aligawanyaka nyama yote bila kuinua macho, na sikumbuki siku moja watu waligombana. Nilikomaa nikijua kwamba kugawanya ni kitu watu wa kwetu tunaiweza kuliko dunia nzima.

Kisha vita ikafika. Tukakimbia, tukatembea kwa miguu, tukalala kwa makanisa na kwa mashamba ya watu, mupaka tukafika huku Kingi, na wenyeji wakatupokea ndani ya nyumba zao. Wakatuita wadeplase, ni kusema watu wa kukimbia vita. Shirika moja ikatuma kijana toka Goma, mwenye jakete ya mifuko mingi kuliko vitu vya kuweka ndani. Akasema musaada hauji kama hakuna komite, na komite haiwezekani bila prezida. Nilikuwa nimesomaka kwa wapadri, nilikuwa na shati yenye kola, nikasimama. Watu wakapiga mikono. Nikawa prezida.

Sikufiche, Furaha, ile jina ilinipendeza. Nilianza kutembea na mikono nyuma. Mama yako akaniangalia siku mbili hivi, kisha akaniuliza kama mugongo inaniuma.

Na komite ile! Papa Bahati, jirani yetu, alinuna juu hakuchaguliwa, nikamupa umakamu. Mudogo wake akanuna, nikamupa ushauri. Shemeji yake akanuna, nikamufanya mushauri wa mushauri. Kila muntu mwenye kununa nilimupa kiti, nikidhani njo kutawala. Mwisho mukutano ilikosa watu wa kusikiliza, juu wote walikuwa wameketi mbele.

Siku kamio ya musaada ilipanda hapa Kingi, mvula ilikuwa inajikusanya. Yule kijana wa jakete alishusha vitu, lakini shofele alikuwa anapiga honi juu barabara ikilowa hawatashuka tena. Kijana akanishika mukono, akaniambia: «Monsieur le Président, mugawanye vile mumezoea.» Akapanda, wakaenda.

Vile mumezoea! Hayo maneno njo yaliniuwa. Juu miye nilizoea kitu moja tu.

Nilisimama mbele ya vile vitu, maharagi, unga, mafuta, chumvi, sabuni, na raiya wote wakiniangalia, nikauliza kwa sauti ya prezida: «Nani aliona kamio wa kwanza?» Papa Bahati akainua mukono, alikuwa juu ya kilima akikata majani ya mbuzi. Basi kichwa ni yake. Lakini kichwa ya kamio ya musaada ni nini? Niliwaza sana. Niliamua kwamba kichwa ni mafuta. Papa Bahati akaenda na mafuta, na ungeona uso wake. Wenye kubeba mifuko toka barabarani, hao ni mikuki, nikawapa maharagi. Mwenye kutoa shitingi, turubai yake, kufunika vitu juu ya mvula, huyo ni wavu, nikamupa unga. Mukubwa wa kijiji, maini, nikamupa sabuni, akaangalia ile sabuni muda murefu. Wenyeji wa Kingi walikuwa wamesimama kando wanashangaa, wao ni watu wa viazi na ngombe, hawajui wavu wala mukuki. Walidhani labda ni namna mupya ya wazungu.

Kisha nikakumbuka shingo. Nikauliza: «Kulikuwa imbwa?» Na kweli imbwa ilikuwako. Ni ile imbwa ya sikio moja yenye jina Watasema, mwenyewe aliiita vile juu ya maneno ya majirani wake, ilikuwa imefuata kamio ikibweka toka chini mupaka juu. Nikamupa mwenye Watasema chumvi, kopo muzima.

Hapo Koko Vumilia alikuwa ameketi juu ya ndoo yake yenye ameigeuza. Unamukumbuka, mudogo, mweusi, kinywa moto. Tulikimbia naye toka Buleusa, na njiani watoto wa kaka yake walipotea kila muntu upande wake. Hakuona kamio wa kwanza, hakubeba mufuko, hakuwa na shitingi. Akasimama, akaenda. Akarudi anavuta Watasema kwa kikwembe yake, kitenge ya kujifunga, ameifunga shingoni. Akasema: «Prezida, na miye niko na imbwa.»

Ningefanya nini? Sheria ni sheria. Nikamupa chumvi. Nyuma yake akaja mama mumoja na imbwa. Sikio moja. Nikamupa. Akaja mwingine na imbwa. Nyuma yake wakajipanga, na ile imbwa inapita mbele, inazunguka nyuma ya nyumba, inarudi na mwenyewe mupya. Mwisho ilichoka, ikalala chini, na mwanaume mumoja akaibeba kwa mabega akaja nayo vile, miguu inaning'inia. Na miye naendelea kugawa shingo! Juu nilikuwa nimeshaona, Furaha, si kwamba sikuona. Lakini prezida akisema nimekosea mbele ya watu, anabakia na nini?

Hapo ukasema wewe, toka kati ya miguu ya watu, na lile pengo la meno: «Papa, ile ni Watasema tu. Imechoka.»

Mama weee! Watu walicheka mupaka wakaegemea mifuko. Wenyeji walicheka, komite ilicheka, mushauri wa mushauri alikaa chini. Nikakuambia unyamaze. Haukunyamaza. Uliuliza: «Papa, kule Buleusa Koko alikuwaka na imbwa?» Nikasema hapana. «Sasa alikulaka nini?» Nikasema, kwa kukuondoa tu, kwamba watoto wa kaka yake walikuwa wanamutumia chakula kila jioni, chungu kwa chungu, kila muntu anajua hivyo. Ukaangalia kushoto na kuume. «Na hapa hao wako wapi?»

Kicheko ikakatika. Koko akainama, akaanza kufungua ile kikwembe kwa shingo ya imbwa, na vidole vyake havikuweza kufungua fundo. Miye nilisimama na kopo ya chumvi mukononi, sikujua nitaiweka wapi. Nilisikia haya mupaka nikataka dunia ipasuke.

Babu yako hakuwa mujinga. Kisu yake iligawanya nyama tu, lakini nyuma ya nyama kulikuwa vyungu vya kijiji kizima, na chakula ilikuwa inatembea toka nyumba mupaka nyumba mupaka inafika kwa mwenye hana mukuki. Miye nilileta kisu huku Masisi, vyungu vikabakia kule. Na hiyo ni wewe uliiona, hauna ata meno.

Usivimbe kichwa lakini. Sikia ya mama yako sasa, yeye njo alininyanganya kopo. «Toka hapa, muwindaji!» Akasema kila muntu arudishe kila kitu, tutagawa kwa kinywa, nyumba ya vinywa vingi ipate vingi. Watu wakapiga mikono, nikajua serikali yangu imeanguka. Na nini ikatokea? Kila mama akaanza kuja na watoto. Nyumba yenye ilikuwa na watoto kidogo jana, leo imezaa darasa muzima. Wewe mwenyewe ulihesabiwa kwetu, ukahesabiwa kwa Papa Bahati, ukahesabiwa tena kwa Koko, kila fasi na kikwembe ingine kichwani. Mama yako alikupimia maharagi fasi zote hizo bila kukutambua. Anasema alikutambua. Muulize sasa hivi, utasikia namna atapandisha sauti.

Nilicheka siku ile, nakuambia kweli, nilicheka mupaka nikasamehe imbwa. Lakini kisha nikawaza. Wale watu hawakuwa wezi. Walikuwa na njaa na walikuwa na akili. Ukiwaambia imbwa, wanaazima imbwa. Ukiwaambia watoto, wanaazima watoto. Kesho serikali ikisema itasaidia vipofu, Kingi yote itatembea na fimbo, na Papa Bahati atakuwa mbele.

Ile yenye ilitusaidia haikutoka kwa miye wala kwa mama yako. Wamama waliketi chini, kila mumoja akasimama akasema nani alilala kwake usiku wa jana, na majirani wakajibu «kweli» ao «muongo!». Ilichukua mupaka kesho yake, na kelele ilisikilika labda mupaka Kibabi. Lakini ilipofika kwa Koko, aliposema «miye nalala peke yangu», hakuna muntu alisema muongo. Mama yako akasema: «Toka leo haulale peke yako.» Njo vile alikuja kwetu, na alikaa na siye mupaka siku Mungu alimuita, akinitukana kila asubui kwa jina ya Prezida.

Kwa hiyo siku uliposema unataka kusoma namna ya kuangalia maisha ya raiya, ningesema: ndiyo, huyu alianza zamani. Ningepaswa kucheka. Juu ya nini niliruka kama muntu ameketi juu ya siafu?

Juu ya trikoo. Hii watu wanakuhadizia nusu tu.

Nilipoangushwa uprezida niliumia, sikumuambia muntu. Basi kukaja mukubwa mumoja wa kutafuta kura, na magari, na muziki. Akauliza nani hapa anajua kusema mbele ya watu. Papa Bahati akanionyesha na kidole, na miye nikaenda kama mbuzi yenye imeona chumvi. Wakanipa trikoo yenye uso wa yule mukubwa kwa kifua, na kofia. Nikapanda juu ya kasha la bia. Furaha, sikumujua yule muntu! Nilisema ataleta barabara. Nilisema ataleta kuran, umeme kwa kila nyumba. Hakuniambia hayo, nilitunga mwenyewe, juu watu walikuwa wanapiga mikono na nilikuwa nimekosa ile sauti muda murefu.

Hakukupita siku mingi, watu wengine wenye bunduki wakapanda kilima, wenye hawakumupenda yule mukubwa. Walikuwa wanauliza nyumba kwa nyumba: nani alivaaka uso wake? Mama yako akanisukuma ndani ya depo hii hii, akanilaza chini, akamwaga viazi juu yangu mifuko na mifuko. Trikoo akaipasua vipande akaanza kushikia vyungu. Na wewe akakuweka juu ya vile viazi, akakuambia usuke nywele ya mutoto wako wa majani.

Walipoingia nilisikia buti zao. Nilisikia mumoja anakuuliza: «Papa yako iko wapi?» Na nilisikia sauti yako toka juu ya tumbo yangu: «Papa alienda Buleusa kutafuta imbwa.» Muntu alicheka. Mwingine akauliza imbwa ya nini. Ukasema: «Yetu ilichoka.» Wakaenda. Chini ya viazi nilikuwa naita watakatifu wa mama yako na wazee wa kwetu wote pamoja, sikuchagua. Ulikuwa mudogo, sauti yako haikutetemeka, lakini miguu yako ilikuwa inatetemeka. Nilikuwa naisikia kupitia viazi.

Watu wa Kingi wanacheka hiyo habari mupaka leo, prezida chini ya viazi, na miye nacheka nao, tena naiongezea. Ila kule kutetemeka kwa miguu sijamuhadizia muntu. Siku ile na sahani mukononi, uliposema politiki, sikukusikia wewe. Nilisikia buti. Nikaona wewe juu ya kasha la bia, na watu wanapanda kilima wakiuliza yule binti wa politiki iko wapi, na safari hii hakuna mutoto wa kuketi juu yako. Sikukasirika, Furaha. Niliogopa. Nilipiga kelele juu mwanaume wa umri wangu akisema naogopa mbele ya wageni, kasiksi inachacha. Naogopa mupaka sasa, niko nakuambia hapa kwa maandishi. Na mama yako anaogopa kuliko miye, hiyo njo maana haachi kusema habari ya pulovere.

Anapiga mulango tena. Nimemuambia nimefika kwa viazi. Nasikia ameketi chini, mugongo kwa mulango. Nafikiri anajua ni viazi gani.

Sina ya kukufundisha upande wa masomo yako. Kule watakupa maneno makubwa ya kifaransa, na ni muzuri, uyashike yote, utuletee. Ila mwalimu akisema raiya, raiya, wewe tafuta kwanza Koko ameketi wapi. Wakikupa trikoo yenye uso wa muntu, chukua, inafaa kulalia. Ukikosea mbele ya watu, na utakosea, juu ni damu yangu iko ndani yako, sema nimekosea kabla imbwa haijapita tena. Miye nilichelewa, na iliniuma kuliko ningesema mapema. Na siku utarudi hapa na jakete ya mifuko mingi, ukishuka kwa gari ukatuambia tugawanye vile tumezoea, nitakutupia viazi miye mwenyewe, na Papa Bahati atanisaidia.

Sasa nifike kwa kesho.

Unajua kwamba kabla ya Sake kuna bariyeri ya kusimamisha magari, na wale wenye wanaisimamia wanapenda kuuliza vijana maswali. Papa Bahati alikuja leo asubui na akili yake: tuseme unaenda kuingia masista, tukufunge kitambaa cheupe, na rozari ya mama yako mukononi. Mama yako alikuwa ameshaanza kutafuta kitambaa. Nilikataa. Ulishasema uongo juu yangu mara moja, ulipokuwa hauna meno, na ilitosha.

Nitapanda na wewe kesho. Mama yako hajui bado, atajua akisoma hii mbele yako, juu atasoma, usijidanganye. Nitaketi juu ya mifuko upande wako mupaka tupite ile bariyeri. Na unajua mambo ya gari na miye: nilitoka Buleusa mupaka Kingi kwa miguu, sikuugua ata kichwa, lakini kona ya kwanza ya kamio inanitoa matumbo. Nitatapika, Furaha, toka hapa mupaka chini. Usinipige mugongo mbele ya watu. Angalia upande wa ngombe.

Wakitusimamisha na wakikuuliza unaenda wapi, nyamaza. Nitajibu miye. Nitasimama juu ya viazi vile watu wote wa ile kamio wanione, na nitawaambia: huyu anaitwa Furaha, anaenda Goma kusoma politiki na maisha ya raiya, miye njo papa yake na miye njo nimemutuma. Wakitaka kuuliza zaidi, waniulize miye, niko na muda muzima. Kamio yenu ikishapita bariyeri, nitashuka, na nitarudi huku Kingi kwa miguu yangu.

Sitakupungia mukono. Nitakuwa nimegeuka, nitakuwa nalia, na yule shofele ana kinywa refu. Lakini sitaanza kupanda kilima mupaka nisikie kamio yako haisikiliki tena.

Enda, mutoto wangu. Miye papa yako nimesema: enda.